Kaa la moto halipokelewi na mkono mmoja

Mwenyekiti, ndugu wafugaji, wenzangu mnaochanganya chakula cha mifugo, na ninyi vijana mliokuja na madaftari: asanteni kwa kufika. Leo tutazungumza kuhusu antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia oksijeni isiharibu mafuta na seli, na jinsi zinavyoshirikiana kuulinda utumbo wa mnyama.

Katika mwaliko niliomba kila mmoja aje na konzi ya chakula anachowalisha wanyama wake wiki hii. Naona mifuko midogo mezani na mapajani. Kabla sijataja vitamini wala mmea wowote, naomba mfungue, mtie chakula kiganjani, mkisugue mpaka kipate joto kidogo, kisha mnuse.

Aliyepata harufu ya nafaka na mashudu mapya, heri yake. Aliyepata harufu inayofanana na ya rangi ya kupaka mbao, au na mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi, asikimwage. Akishike, maana hotuba yangu inaanzia kiganjani mwake. Harufu hiyo ni ya mafuta yaliyochacha. Oksijeni ya hewani imeyavamia, na mafuta yakishavamiwa hayaharibiki moja moja. Chembe iliyojeruhiwa humjeruhi jirani yake, naye jirani humjeruhi wa pili, kama moto wa nyika unavyoruka kutoka kichaka hadi kichaka. Ndiyo maana gunia linaweza kuonekana zima wiki hii na wiki ijayo likawa halifai.

Moto huohuo ndio unaowaka ndani ya utumbo wa mnyama. Kemia yake haina tofauti. Tofauti ni kwamba huko ndani hatuwezi kuunusa.

Ukuta wa utumbo mdogo umepewa kazi mbili zinazovutana. Upitishe sukari, amino asidi, mafuta na madini, na papo hapo uwazuie bakteria na sumu zao. Kazi hiyo yote inafanywa na safu moja ya seli. Ngozi ya nguruwe ina tabaka juu ya tabaka, lakini utumbo wake, unaoishi na bakteria usiku na mchana, una ukuta wa kuzuia wenye unene wa seli moja tu. Seli hizo zimeshikana ubavu kwa ubavu kwa protini zinazofunga maungio, na umri wake ni mfupi. Kwa wanyama wengi wanyonyeshao, ndani ya siku tatu hadi tano safu nzima huwa imebadilishwa. Seli mpya huzaliwa chini kwenye vishimo, hupanda taratibu hadi ncha za vile vijidole vinavyofyonza chakula, kisha hudondoka na kupisha nyingine.

Ujenzi usiolala namna hiyo unakula nguvu. Kwa nguruwe anayekua, utumbo na viungo vinavyoambatana nao ni sehemu ndogo ya uzito wake, lakini huchukua karibu robo ya nguvu zote anazotumia. Na palipo na oksijeni nyingi inayotumika, cheche hazikosekani. Cheche hizo tunaziita radikali huru: chembe zilizopungukiwa na elektroni, ambazo humnyang'anya yeyote aliye karibu. Aliye karibu mara nyingi ni mafuta ya utando wa seli, au protini ya maungio, au vinasaba vyenyewe.

Hapa niwaombe msiichukie cheche kupita kiasi. Mnyama anaihitaji. Seli za kinga humwaga radikali hizi makusudi ili kuua bakteria, na seli za kawaida huzitumia kwa kiasi kidogo kupelekeana habari. Moto wa jikoni hauzimwi kwa sababu tu nyumba inaweza kuungua. Hatari huanza cheche zinapozidi uwezo wa mwili wa kuzizima. Utando wa seli hutoboka, maungio hulegea, na sumu zilizomo kwenye maganda ya bakteria hupenya hadi kwenye damu. Kinga ikizinusa sumu hizo, humwaga radikali nyingine zaidi. Mnyama anaingia kwenye mchochota, ule uvimbe na joto la ndani, na chakula kilichopaswa kuwa nyama, maziwa au mayai kinaishia kulipia vita.

Kuna jambo moja kuhusu vita hivyo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, na kila nikilieleza naona linafaa kurudiwa. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa Salmonela huufanya moto huo kuwa mtaji wake. Radikali zinazomwagwa na seli za kinga hugeuza kampaundi ya salfa iliyomo utumbo, thiosulfati, kuwa tetrathionati. Bakteria wema wengi hawana matumizi na tetrathionati. Salmonela anaweza kuipumua, kwa maana ya kuitumia badala ya oksijeni, akapata nguvu ambayo wenzake hawana na akawazidi kwa wingi. Yaani moshi unaomtoa machozi mwenye nyumba ndio hewa ya mwizi. Tangu hapo, nikisikia mtu akisema antioksidanti ni mambo ya kupendezesha chakula, simwelewi.

Sasa hoja yangu. Wafugaji wengi huniuliza, "Mtaalamu, niongeze ipi? Vitamini E, vitamini C, seleni, au haya majani yanayosifiwa?" Swali hilo linadhani kwamba kila antioksidanti ni askari anayejitegemea, na kwamba kazi yetu ni kumtafuta mwenye nguvu kuliko wote. Hawafanyi kazi hivyo. Kazi yao ni ya kupokezana.

Fikirini kaa la moto limerukia mkeka. Mmoja analiokota kwa mkono mtupu. Mkeka umenusurika, lakini kaa sasa liko mkononi mwake, na ana muda mfupi sana wa kumpa mwenzake. Akikosa wa kumpa, anaungua, na pengine analiangusha tena palepale kwenye mkeka.

Wa kwanza huyo ni vitamini E. Inapenda mafuta, kwa hiyo inakaa ndani ya utando wa seli, palepale moto unapotambaa. Radikali inapoivamia, vitamini E hutoa elektroni yake na mnyororo wa moto unakatika. Lakini yenyewe sasa imejeruhiwa. Vitamini C, inayokaa kwenye maji yaliyo kandokando ya utando, hunyoosha mkono na kuirudishia ilichotoa. Vitamini C nayo hurudishiwa na glutathioni, molekuli ndogo ambayo seli huijenga kwa amino asidi tatu: glutamati, sisteini na glisini. Glutathioni nayo hurudishwa kwa nguvu inayotokana na kuvunjwa kwa sukari. Hapo ndipo kaa linapotumbukizwa kwenye maji.

Tazameni mwisho wa mstari huo. Mkono wa mwisho ni sukari iliyofyonzwa leo, na kabla yake ni amino asidi zilizotoka kwenye protini ya leo. Mnyama asiyekula hana mkono wa mwisho. Unaweza kumjaza vitamini E hadi ini lifurike, kaa litakwama katikati ya njia. Nimeona watu wakihangaika na virutubisho vya gharama huku vifaranga wao wamebanana kwenye vyombo vichache vya maji, nusu yao hawajanywa tangu asubuhi. Kuku asiyekunywa hali chakula. Chombo cha maji kilikuwa ndiyo antioksidanti waliyoikosa.

Seleni, yale madini, nayo iko wapi katika safu hii? Simulizi yake inafundisha kuchanganya kuliko nadharia yoyote. Mwaka 1922 Herbert Evans na Katharine Bishop, wakifanya kazi California, waliwalisha panya chakula ambacho mafuta yake yalikuwa ya nguruwe, wakaona mimba zinatunga lakini hazifiki mwisho. Kilichokosekana baadaye kikaitwa vitamini E. Kwa miaka mingi seleni, kwa upande wake, ilijulikana kama sumu tu, iliyoangusha kwato na manyoya ya mifugo iliyolisha kwenye udongo wenye seleni nyingi. Kisha mwaka 1957 Klaus Schwarz na Calvin Foltz wakaonyesha kwamba kiasi kidogo mno cha seleni kinaokoa ini la panya walionyimwa vitamini E. Madini na vitamini, vitu viwili visivyofanana kwa lolote, kimoja kinafunika pengo la mwenzake! Ilichukua hadi 1973 kueleweka sababu: seleni ni kiungo cha kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, kiitwacho glutathioni peroksidesi.

Mgawanyo wa kazi basi ni huu. Vitamini E hukata mnyororo wa moto, lakini huacha nyuma mafuta yaliyokwisha kuungua nusu, yaitwayo peroksidi, ambayo yanaweza kulipuka tena. Kimeng'enya cha seleni huja kuyaokota mabaki hayo na kuyafanya yasiwe na madhara. Utumbo una aina yake mahususi ya kimeng'enya hicho. Mwenye vitamini E bila seleni anazima miali na kuacha majivu ya moto. Mwenye seleni bila vitamini E anaokota majivu huku miali ikiendelea. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nami naongeza kwamba hata vidole viwili havimvunji kama havikutani. Zinki, shaba na manganisi nazo zina sehemu kwenye vimeng'enya vingine vya kinga hii, ila premiksi nzuri, ule mchanganyiko wa vitamini na madini unaotiwa kwenye chakula, huwa nazo tayari, kwa hiyo sitakaa hapo.

Nikae zaidi kwenye gunia. Vitamini E inayowekwa kwenye premiksi nyingi iko katika umbo la asetati. Umbo hilo ni imara, linavumilia ghala na joto la kutengenezea chakula cha punje. Lakini uimara huo una maana yake: asetati imefungwa mdomo. Haizimi chochote mpaka ifike utumbo mdogo, ambako vimeng'enya vya kongosho, vikisaidiwa na nyongo, huifungua. Kwa hiyo kiwango cha vitamini E kilichoandikwa kwenye lebo kinamlinda mnyama, hakilindi gunia. Mafuta yaliyomo kwenye chakula yanahitaji mlinzi wake: tokoferoli zilizo huru, yaani vitamini E isiyofungwa mdomo, au dondoo ya rozimari yenye asidi ya kanosiki. Tokoferoli aina ya gama huyalinda mafuta vizuri ghalani, na ile ya alfa ndiyo ini la mnyama huichagua na kuibakiza. Mnaona jinsi hata ndani ya familia moja kuna kugawana kazi. Umoja wa Ulaya uliposimamisha ethoksikwini mwaka 2017, kampaundi ya viwandani iliyokuwa ikilinda mafuta ya chakula cha mifugo kwa miongo mingi, wachanganyaji wengi walilazimika kulijua hili kwa haraka.

Na mafuta yaliyokwisha kuchacha hayatengenezwi. Kuongeza vitamini E kwenye chakula kibovu ni kumtuma mlinzi kwenye nyumba iliyokwisha kuungua. Vifaranga waliolishwa mafuta mabovu huku vitamini E ikiwa haba huharibika ubongo mdogo, wakayumba, wakaanguka chali na kupinda shingo. Aliyewahi kuwaona hasahau. Hali kadhalika sumukuvu: nafaka yenye ukungu hupeleka utumboni sumu zinazowasha moto na kulegeza maungio kwa pamoja. Hiyo huzuiwa kwa kukausha na kuhifadhi, na hakuna mchanganyiko wa mimea nitakaouthibitisha kwenu kuwa mbadala wa nafaka kavu.

Sasa mimea. Najua wengi mmeijia hii, na naiheshimu hamu hiyo.

Oregano na thaimu zina kavakroli na thimoli. Rozimari nimeshaitaja. Manjano yana kukumini. Maganda na mbegu za zabibu zina proanthosianidini, chai ya kijani ina katekini, vitunguu vina kwesetini. Nyingi kati ya hizi ziko katika kundi kubwa la polifenoli, na lawama inayotolewa mara kwa mara dhidi ya polifenoli ni kwamba hufyonzwa kidogo mno. Kwa anayetaka zifike kwenye moyo au misuli, ni lawama ya haki. Kwetu sisi ni sifa. Kisichofyonzwa kinabaki ndani ya utumbo, kinausindikiza mlo, kinagusa ukuta tunaotaka kuulinda, kisha kinawafikia bakteria wa utumbo mpana ambao hukivunja kuwa vipande vidogo vinavyoweza kufyonzwa. Vitamini E inalinda utando kutoka ndani ya seli. Polifenoli zinasimama mlangoni.

Na zinafanya jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Ndani ya seli kuna protini iitwayo Nrf2, ambayo kwa kawaida hufungwa na kuvunjwavunjwa bila kazi. Polifenoli kadhaa, kwa kuisumbua seli kidogo tu, huifungua. Nrf2 ikishafunguliwa huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru vimeng'enya vya kuzima moto vitengenezwe, pamoja na vile vinavyojenga glutathioni. Yaani mmea hauleti ndoo ya maji, unaamsha waliolala. Lakini walioamshwa wanahitaji vifaa. Amri ya kujenga glutathioni bila amino asidi yenye salfa kwenye chakula, au amri ya kuongeza vimeng'enya bila seleni, ni kumwamsha mtu usiku na kumpa ndoo isiyo na kitako. Ndiyo sababu jaribio la mmea peke yake juu ya chakula dhaifu mara nyingi huishia bila jibu, na mmea unalaumiwa.

Neno "kidogo tu" nililotumia lina uzito. Tanini, aina mojawapo ya polifenoli, zikizidi hushikana na protini na chuma, chakula kinakuwa chungu, ulaji unashuka, na mkono wa mwisho niliousema unakatwa. Pia konzi mbili za majani hazilingani kamwe. Udongo, msimu, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha hubadilisha kiasi cha viini, yaani zile kampaundi zenye kazi, mara nyingi zaidi ya mnavyodhani. Anayenunua dondoo aulize imepimwa kiini gani na kwa kiasi gani. Anayetumia majani yake mwenyewe aanze chini na apande polepole.

Na "asilia" si jina jingine la "salama". Seleni ni ya asili kabisa. Kuku na nguruwe wanahitaji takriban miligramu 0.15 hadi 0.3 kwa kila kilo ya chakula. Kwa nguruwe, ikifika miligramu 5 na kuendelea madhara huanza kujitokeza. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo ya chakula kamili, ikihesabiwa na ile iliyomo tayari kwenye nafaka. Hiki si kitu cha kupima kwa kijiko wala kwa huruma. Seleni ya hamira ina faida ya kuhifadhiwa kwenye protini za misuli na kupita hadi kwenye mayai na maziwa, lakini nayo inahesabiwa kwenye kikomo hichohicho.

Nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Nilikuwa kijana, msimu wa joto kali, na kuku wa nyama niliokabidhiwa walikuwa wanahema midomo wazi tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa nimesoma kwamba vitamini C na seleni zote zinafaa wakati huo. Nikachukua ndoo moja ya maji, nikatia vitamini C, nikatia seleni ya chumvi, ile seleniti, nikakoroga kwa bidii ili nimimine kwenye tangi. Baada ya muda maji yakaanza kuwa na wekundu. Nilidhani ni kutu ya ndoo. Nikamimina. Miezi baadaye mwalimu wangu alinieleza nilichofanya: vitamini C ilikuwa imetoa elektroni zake kwa seleniti palepale kwenye ndoo na kuigeuza kuwa seleni tupu, nyekundu, ambayo mwili hauna namna ya maana ya kuitumia. Nilikuwa nimechanganya vitu viwili vyema na kuwanyima kuku vyote viwili. Hawakufa kwa kosa langu, lakini niliwakuta na shida na sikuwapunguzia chochote, na jambo hilo bado linaniuma.

Tangu hapo huwa nauliza vitakutana wapi. Seleni ipite kwenye chakula, vitamini C kwenye maji, vikutane ndani ya seli ambako vinasaidiana. Vivyo hivyo chuma. Henry Fenton, mkemia Mwingereza, alieleza mwaka 1894 jinsi chuma kinavyochochea peroksidi kuwa kali kupita kiasi. Vitamini C, ikikutana na chuma kingi kilicho huru, hukirudisha kwenye umbo linaloendeleza mchezo huohuo, na antioksidanti inageuka mchochezi. Watoto wa nguruwe waliozaliwa na mama mwenye upungufu wa vitamini E na seleni wanaweza kufa kwa sindano ya chuma ileile inayowaokoa wengine na upungufu wa damu. Dawa ni moja na kipimo ni kimoja. Kilichokosekana ni mikono ya kupokea kaa, nayo ilikosekana tangu tumboni mwa mama.

Hilo linanipeleka kwenye wakati, kwa sababu mchanganyiko mzuri ukitolewa kwa kuchelewa ni mchanganyiko mbovu.

Chukueni kuachishwa kunyonya. Mtoto wa nguruwe wa wiki tatu au nne anaondolewa kwa mama, anachanganywa na asiowajua, maziwa yanakatwa, anapewa chakula kikavu ambacho hajakizoea. Wengi hawali kitu siku ya kwanza. Vijidole vya utumbo, vilivyokuwa vinalishwa na maziwa yanayopita juu yake, vinaweza kufupika hadi karibu nusu ndani ya siku chache. Vitamini E kwenye damu inashuka, na inashuka wakati kongosho lake bado halijawa hodari wa kuifungua ile asetati. Wanyonge wote wamekutana siku moja! Hapa ndipo ningeweka nguvu kubwa kuliko popote, na ningeanza kwa mama. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini E, kwa kuwa kondo la nyuma huipitisha kidogo. Dang'a ndiyo inayomjaza. Mama alishwe vizuri vitamini E na seleni mwishoni mwa mimba na wakati wa kunyonyesha. Kisha siku za kuachisha, chakula kiwe kidogo kidogo na mara nyingi, cha kimiminika ikiwezekana, chenye protini inayoyeyushwa kwa urahisi, na mmea wowote utakaoongezwa usiharibu ladha. Akila siku ya kwanza, nusu ya kazi imefanyika.

Joto lina njia yake. Kuku hana tezi za jasho. Hupeleka damu kwenye ngozi ili apoe, na utumbo unabaki na damu haba, oksijeni haba. Damu inaporudi usiku, cheche zinafumka kwa pamoja na maungio yanaachia. Kuku hujitengenezea vitamini C kwenye figo, tofauti na binadamu, kwa hiyo siku za kawaida hatuna haja ya kumpa. Siku za joto kali utengenezaji wake haulingani na matumizi, na hapo vitamini C ya nyongeza ina sababu. Kivuli, hewa na maji baridi vinatangulia.

Koksidiosisi, yule mharabu wa kuhara damu, hupasua seli za utumbo moja kwa moja, na kinga ikija kupigana nayo inaongeza moto. Wazee wa ufugaji walimtambua kuku mgonjwa kwa miguu iliyopauka kabla hawajaona damu, na walikuwa sahihi: utumbo uliojeruhiwa haufyonzi tena rangi za njano za karotenoidi. Haufyonzi vitamini E pia. Kwa hiyo anayekimbilia vitamini E siku damu inapoonekana anamwaga kwenye gunia lililotoboka. Akiba ijazwe kabla, na ugonjwa utibiwe kwa dawa yake.

Kwa wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo nitasema machache. Ndama mchanga hana tofauti kubwa na mtoto wa nguruwe: dang'a mapema, ya kutosha. Mkubwa ana tumbo la kwanza lenye bakteria wanaoharibu vitamini C na kubadilisha sehemu ya seleniti isifae, kwa hiyo anachohitaji zaidi ni majani mabichi. Majani mabichi yana vitamini E na karotini tele, na nyasi zilizokaushwa juani na kukaa ghalani hupoteza sehemu kubwa. Msimu mrefu wa nyasi kavu ndio wakati wa kuhesabu nyongeza.

Naulizwa kila mahali kama haya yote yanachukua nafasi ya viuavijasumu. Sweden ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2006, na mwaka 2022 ukaondoa pia kipimo kikubwa cha oksidi ya zinki kilichozuia watoto wa nguruwe kuhara. Naunga mkono, kwa sababu usugu wa dawa hauchagui mnyama wala mtu. Lakini antioksidanti haiui bakteria aliyekwisha kuingia kwenye damu. Mnyama mgonjwa apelekewe daktari. Kazi ya mchanganyiko huu ni kupunguza idadi ya wanaofika huko, na sitaki mtu aondoke hapa akamnyima mnyama dawa anayoihitaji kwa kuamini majani.

Na msiniamini bila kupima. Gaweni kundi la umri mmoja sehemu mbili, banda moja, maji yaleyale. Ongezeni kitu kimoja upande mmoja, si vitano. Pimeni uzito na chakula kilicholiwa, andikeni hali ya kinyesi kila asubuhi, na mrudie na kundi linalofuata kabla ya kuamua. Mkiona nyongeza ya pili haileti chochote juu ya ile ya kwanza, iondoeni. Kuna wafugaji watakaogundua kwamba premiksi yao ilikuwa inatosha na shida ilikuwa gunia la mafuta lililowekwa juani, na hao ndio watakaonifurahisha zaidi.

Nitakaa kwenye meza ile ya pembeni. Wenye chakula kilichotoa harufu ya rangi, njooni nacho, na mje mnajua kilitengenezwa lini, mafuta yake yalitoka wapi na kimehifadhiwa wapi. Tutaanza na ninyi.